Paa Moja, Njia Nyingi: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Kituo cha Tafakuri cha Madhehebu Mbalimbali ya Kibuddha

Jioni moja, katika chumba cha kuazima ambako kikundi chetu kilianzia, aliingia mgeni aliyelelewa katika mapokeo ya Kitibeti. Akakuta vijitabu vya kughani vimewekwa sakafuni, kimoja mbele ya kila mto. Hakusema neno. Aliinama, akaokota cha kwake kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso, kisha akakaa nacho mapajani muda wote kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Wiki iliyofuata tulikuwa na vibao vidogo vya mbao vya kuwekea vitabu. Fundi alivimaliza kwa alasiri moja.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kufungua kituo cha tafakuri ambamo mfuasi wa Theravada, wa Zen, wa Ardhi Safi na wa Ubuddha wa Kitibeti wote watajiona wamefika kwao, pamoja na yule asiyejiita Mbuddha ila anatafuta mahali pa kukaa kimya. Wanaoanza huwa na wazo la kuchota kidogo huku na kidogo kule ili wapate ibada moja mpya ya wote. Nawasihi msifanye hivyo. Ibada ya namna hiyo haina mwenyewe: hakuna mwalimu anayeweza kuisahihisha, wala mkongwe anayeitambua. Kinachodumu ni kushirikiana ukimya, chumba, fagio na maamuzi, huku kila mapokeo yakibaki na umbo lake zima katika siku yake. Jambo hili si geni. Buddhist Society ya London, iliyoanzishwa mwaka 1924, haijajifunga kwa dhehebu moja. Chini ya paa lake hufundishwa Theravada, Zen na Ubuddha wa Kitibeti, kila mapokeo kwa darasa lake.

Hatua ya 1: Wajueni mnaowakaribisha

Kabla ya kutafuta chumba, ketini mjifunze. Hamtakiwi kuwa wanazuoni, lakini ni aibu kumkaribisha mtu msiyejua kinachomuudhi.

Theravada ndiyo njia ya Sri Lanka, Thailand, Myanmar, Kambodia na Laos. Maandiko yake ni ya Kipali, lugha ya kale ya India. Tafakuri inayojulikana zaidi huko leo ni Vipassana, yaani kuyaona mambo kama yalivyo, na hata hiyo ina matawi. Wanaofuata njia ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Myanmar aliyefariki mwaka 1982, huangalia tumbo likipanda na kushuka na kutaja kimyakimya kila kinachotokea. Wanaofuata mafundisho ya S. N. Goenka, mwalimu asiye mtawa, hupitisha uangalifu mwilini kutoka utosini hadi vidoleni, na huombwa wasichanganye njia hiyo na nyingine. Mkiwaalika hao wa pili, msiwashurutishe kufuata maelekezo ya mwalimu wa jioni ile. Wape nafasi wakae na njia yao.

Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubuddha, imeenea China, Korea, Japani na Vietnam. Humo mna Zen, ambayo nayo si moja: wa Soto hukaa wakiutazama ukuta, wa Rinzai hukaa wakielekea katikati ya chumba. Mna pia njia ya Ardhi Safi, ambayo moyo wake ni kulitaja jina la Buddha Amitabha kwa sauti, mara nyingi na kwa mdundo. Watu wa Ardhi Safi ndio wanaosahaulika zaidi katika vituo vya aina hii, kwa sababu waanzilishi wengi hudhani kwamba tafakuri lazima iwe ya kimya. Kwao sauti ndiyo tafakuri yenyewe. Watengeeni saa ambayo hakuna mtu chumba cha pili anayehitaji utulivu.

Vajrayana ni njia ya Tibet, Bhutan na Mongolia, na Japani ipo kwa jina la Shingon. Hutumia mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, kujenga taswira akilini, na ibada ambazo mtu haruhusiwi kuzifanya mpaka mwalimu mwenye mamlaka amempa idhini rasmi. Siri hiyo si kiburi, nawaomba mlielewe jambo hili mapema. Wakisema kipindi fulani ni cha waliopewa idhini tu, fungeni mlango na muweke tangazo la upole nje.

Njia bora ya kujifunza haya ni kutembelea. Tumeni watu wawili wawili wakakae na kila kikundi kilicho karibu nanyi, angalau mara tatu, bila kutangaza mpango wowote. Waangalie: viatu vinaachwa wapi, nani anapiga kengele, watu wanainama mara ngapi, vitabu vinashikwaje, miguu inaelekezwa wapi. Warudi na daftari.

Hatua ya 2: Andikeni ukurasa mmoja wa msingi

Kituo kisicho na msingi ulioandikwa hugombana mwaka wa pili. Bahati nzuri, kazi kubwa ilishafanywa. Mwaka 1967 Baraza la Kimataifa la Sangha lilikubali orodha fupi ya mambo yanayoziunganisha Theravada na Mahayana, iliyoandaliwa na mtawa msomi wa Sri Lanka, Walpola Rahula. Inataja mambo kama haya: kwamba Buddha ndiye mwalimu, kwamba wote hukimbilia kwa Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya watawa), kwamba wote hukubali Kweli Nne Adhimu juu ya mateso na namna ya kuyakomesha, na kwamba vitu vyote vinavyotokana na visababishi havidumu. Mwishoni inakiri kwamba mavazi, desturi na ibada hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kwamba sura hizo za nje zisichukuliwe kuwa ndiyo mafundisho yenyewe.

Isomeni pamoja, kisha andikeni ya kwenu kwa maneno ya kawaida. Ukurasa mmoja unatosha. Useme kituo ni cha nani, kipi kinafanywa na wote pamoja, kipi kimeachiwa kila kikundi, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuitumia siku ya pamoja kushusha hadhi ya njia ya mwenzake. Neno "Hinayana", yaani chombo kidogo, lisitumike kumaanisha Theravada. Hilo liandikeni waziwazi, kwa sababu litatokea mdomoni mwa mtu asiye na nia mbaya na litaumiza.

Msimlazimishe mtu kuukiri ukurasa huo ndipo aingie kukaa. Ni ahadi ya wanaoendesha kituo, siyo tiketi ya mlangoni. Mkristo, Mwislamu au asiye na dini akitaka kukaa kimya dakika 25, mpeni mto.

Hatua ya 3: Kaeni kwanza, jengo baadaye

Azimeni chumba. Kutaneni siku ile ile, saa ile ile, kila wiki, kwa muda usiopungua miezi sita. Mvua ikinyesha, kutaneni. Wakija wawili, kutaneni. Katika miezi hiyo mtajua nani huja mapema kupanga mito, nani husema sana kwenye vikao na haonekani siku ya usafi. Hao wa kwanza ndio kamati yenu.

Nimeona kikundi kilichoanza na jengo. Kilikuwa na sanamu nzuri na zulia jipya, na kila mwezi watu tisa walihangaikia kodi badala ya kutafakari. Sitaki mpitie huko.

Hatua ya 4: Chumba na vilivyomo

Mkeka au godoro dogo la kukalia lina upana wa karibu sentimita 70 kwa 80. Ukiongeza njia ya kupita, kila mtu anahitaji takriban mita moja na nusu za mraba. Chumba cha mita 6 kwa 5 kitawatosha watu 20 bila kubanana. Msipange 30. Mtu anayeogopa kumgusa jirani kwa goti hawezi kutulia.

Mito iwe ya urefu tofauti. Mgeni asiyezoea kukaa chini huhitaji mto mrefu, sentimita 15 au zaidi, ili magoti yashuke chini ya nyonga. Mto ukiwa mfupi mgongo hupinda baada ya dakika kumi na maumivu huanza. Sufi ni nzuri kwa kujaza: inabonyea kidogo kisha inashika. Sifongo huonekana nzuri dukani, lakini baada ya miezi michache huwa bapa kama chapati. Wekeni pia vigoda vya kupigia magoti, na viti imara visivyo na magurudumu, angalau robo ya idadi ya watu. Viti vipangwe ndani ya mstari pamoja na mito. Mkivipanga nyuma ukutani, mzee mwenye goti bovu atajiona mtazamaji.

Madhabahu ndiyo sehemu inayozua maneno. Theravada kwa kawaida humweka Shakyamuni, Buddha wa kihistoria, peke yake. Wa Ardhi Safi wanamtaka Amitabha, Watibeti wana picha za walimu wao na mabakuli saba ya maji, na katika ukumbi wa Zen mara nyingi huketi Manjushri, bodhisattva wa hekima. Suluhisho lililotufaa ni hili: sanamu moja ya Shakyamuni, ambaye wote humheshimu, inakaa daima mahali palipoinuka. Kando yake kuna kabati la milango, lenye rafu kwa kila kikundi. Kikundi kikiwa na siku yake hutoa vitu vyake, hukipanga chumba kitakavyo, na kabla ya kuondoka hurudisha kila kitu. Kabati lile limetuepusha na ugomvi kuliko katiba.

Sanamu isiwekwe sakafuni wala mkabala na mlango wa choo. Vitabu vya mafundisho visiwekwe chini, visikaliwe, visirukwe. Watu wanyooshapo miguu wasiielekeze kwenye madhabahu wala kwa mwalimu. Wengi waliolelewa Thailand au Tibet huliona hilo kuwa tusi. Ubani uwe wa siku za vikundi tu. Siku ya pamoja acheni maua na maji, kwa sababu mwenye pumu hawezi kutafakari akikohoa. Mishumaa iwe ndani ya glasi, na awepo mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye wa kuizima.

Hatua ya 5: Jioni ya pamoja, dakika kwa dakika

Hapa ndipo kituo chenu kitasimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chagueni zoezi ambalo kila njia inalitambua. Pumzi ndiyo inayofaa zaidi. Anapanasati Sutta, hotuba ya Buddha iliyomo katika maandiko ya Kipali, ina hatua 16 za kuzingatia pumzi. Wanafunzi wa Zen huanza kwa kuhesabu pumzi kutoka moja hadi kumi na kurudi mwanzo. Watibeti nao huhesabu pumzi kutuliza akili, mara nyingi hadi 21. Basi maelekezo ya jioni ya pamoja yawe mafupi: keti wima, acha pumzi ije yenyewe, ihesabu ukitaka, akili ikienda irudishe bila kujikaripia. Mwenye njia yake aendelee nayo kimyakimya. Yasizidi dakika tano. Mtu akianza kueleza nadharia ya akili, mwenyeji amwonyeshe saa.

Robo saa kabla ya kuanza mlango uwe wazi na mtu mmoja awe amesimama hapo. Kazi yake ni ndogo na ni muhimu kuliko ya mwalimu. Anamwonyesha mgeni mahali pa viatu, anamuuliza kama anapendelea kiti au mto, anamwambia choo kiko wapi, na anamweleza mambo matatu: tutakaa dakika 25, tutatembea kumi, tutakaa tena 25, hakuna atakayekuuliza imani yako, ukihitaji kutoka, toka, hakuna ubaya. Mgeni aliyeambiwa hayo hukaa mabega yakiwa yameshuka.

Kengele ipigwe kwa mkono mtulivu. Wengi huigonga kwa juu na kwa nguvu. Shika kigongo kilichofungwa kitambaa kwa vidole vitatu, gusa ukingo wa nje wa bakuli ukielekea juu kidogo, kisha uondoe mkono mara moja. Usipige ya pili mpaka sauti ya kwanza imezama kabisa. Ukisikiliza vizuri, utaona inachukua muda mrefu kuliko ulivyodhani, na chumba kizima kitakuwa kimeanza kutafakari kwa kuifuata tu. Sisi tumeazima mpangilio wa Soto: tatu kuanza kukaa, mbili kwenda kutembea, moja kumaliza.

Kutembea ndiko kulikotusumbua zaidi, jambo ambalo sikulitarajia. Wa Soto hutembea kwa mstari, nusu hatua kwa kila pumzi. Wa Rinzai hutembea kwa kasi. Wa Vipassana hutengana, kila mmoja akachagua njia yake ya hatua kumi hadi ishirini, akaenda na kurudi peke yake. Tulipojaribu kuacha kila mtu atembee kivyake katika chumba kimoja, watu waligongana na mama mmoja akaondoka akilia kwa hasira. Siku hizi tunabadilishana: wiki hii tunatembea kwa mstari wa polepole, wiki ijayo kila mtu na njia yake, na kiongozi hutangaza kabla ya kengele. Hakuna aliyelalamika tangu hapo. Mkiwa na uwanja au korido ndefu, wapelekeni wa mwendo wa kasi huko.

Kuinama kuwe hiari. Kuna wanaoinama mara tatu mpaka paji la uso liguse sakafu, kuna wanaokutanisha viganja tu, kuna wasioinama kabisa kwa sababu dini yao haiwaruhusu kuinamia sanamu. Kiongozi ainame kwa kadiri ya njia yake, bila kuwaamrisha wengine.

Mwisho, someni kitu kimoja kifupi kwa lugha mnayoielewa wote. Metta Sutta inafaa sana: ni maandiko ya Kipali, lakini hata baadhi ya vituo vya Zen huisoma, na mfano wake wa mama anayemlinda mwanawe wa pekee kwa uhai wake hauhitaji kufafanuliwa. Kughani kwa Kipali, Kitibeti au Kijapani kubaki katika siku za vikundi, ambako kuna wanaojua matamshi na maana.

Halafu chai. Msiifute chai mkidhani ni starehe. Katika dakika 20 za chai ndipo mfuasi wa Zen humuuliza mwenzake wa Kitibeti yale mabakuli ya maji ni ya nini, na hapo huzaliwa urafiki ambao hakuna semina inayoweza kuuleta.

Siku nyingine za wiki gawieni vikundi. Kila kikundi kiwe na siku yake ya kudumu, kifanye ibada yake bila kupunguza chochote. Mtu wa kikundi kingine akihudhuria, afuate utaratibu wa wenyeji.

Hatua ya 6: Kualika walimu na watawa

Mwulizeni mwalimu alijifunza kwa nani, kwa muda gani, na nani alimruhusu kufundisha. Mwalimu wa kweli hakasiriki akiulizwa hivyo. Kisha zungumzeni na mtu wa kituo alikowahi kufundisha.

Mtawa wa Theravada ana kanuni zinazohitaji maandalizi. Hali chakula kigumu baada ya saa sita mchana, kwa hiyo mlo wake uwe tayari saa tano. Wengi hawashiki pesa: nauli ilipwe na mtu mwingine, na msimtie bahasha mkononi. Hakai peke yake na mwanamke chumbani, na kwa desturi ya Thailand mwanamke hampi kitu mkono kwa mkono. Kitu huwekwa mezani au kwenye kitambaa alichokitandaza. Watawa wa Mahayana wa mapokeo ya Kichina hawali nyama, na huepuka vitunguu na vitunguu saumu. Watibeti wengi hula nyama. Mkipika chakula cha pamoja, pikeni mboga bila vitunguu wala vitunguu saumu, na kila mgeni atakula.

Kuhusu watawa wa kike: katika mapokeo ya Asia Mashariki upadrisho wao kamili umeendelea kwa karne nyingi, wakati ndani ya Theravada bado kuna wanaoupinga ule uliofufuliwa. Kituo chenu si mahakama ya kuamua jambo hilo. Mtawa wa kike akialikwa kufundisha, apewe kiti kile kile cha mwalimu na heshima ile ile.

Mafundisho kwa desturi hayauzwi. Watu hutoa dana, yaani sadaka ya hiari, kumtegemeza mwalimu. Wekeni masanduku mawili yenye maandishi makubwa, moja la mwalimu na moja la kituo, ili asiwepo anayetoa huku akidhani anatoa kule.

Hatua ya 7: Ulinzi wa watu

Naandika sehemu hii kwa uzito wote nilio nao. Vituo vya Kibuddha vimewahi kuwa na walimu waliowatumia wanafunzi wao kingono na kifedha, na mara nyingi wenzao walijua wakanyamaza. Mwezi Machi 1993 walimu kutoka nchi za Magharibi walikutana na Dalai Lama huko Dharamsala, India, na barua ya wazi iliyotoka humo ilisema wanafunzi wamkabili mwalimu juu ya mwenendo wake mbaya, na kwamba asipobadilika, na ushahidi ukiwa hauna shaka, wasisite kuutangaza.

Kwa hiyo kila mwalimu na kiongozi atie sahihi kanuni za mwenendo kabla ya siku ya kwanza. Miiko mitano inatosha kuwa msingi, maana madhehebu yote huitambua: kutoua, kutoiba, kutotenda uovu wa kingono, kutosema uongo, kutotumia vileo. Chini ya kila mmoja andikeni maana yake kwenu: mwalimu hana uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake, hakopi pesa kwa wanafunzi, mazungumzo ya faragha hufanyika mahali panapoonekana. Teueni watu wawili, mwanamume na mwanamke, wasio walimu, wa kupokea malalamiko. Majina yao yabandikwe mlangoni. Jambo likiwa la jinai, hupelekwa polisi. Halijadiliwi kwenye mduara wa tafakuri.

Kuna pia hatari isiyo na mkosaji. Mwaka 2017 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti wa Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao, waliowahoji watu wa Theravada, Zen na Ubuddha wa Kitibeti juu ya magumu waliyoyapata katika tafakuri. Walisimuliwa hofu kali, usingizi kubadilika, hata kupotewa na hisia ya nafsi. Wengi wanaokaa nusu saa kwa wiki hawatakutana na hayo. Lakini katika mafungo, yaani kujitenga ili kutafakari, ya siku kadhaa, mwulizeni kila anayejiandikisha, kwa siri na kwa upole, kama amewahi kuugua akili au kupitia tukio la kutisha. Aliyepitia hayo aelezwe kwamba anaweza kutafakari macho yakiwa wazi, kukaa karibu na mlango, kusimama, kuhama kutoka pumzi kwenda sauti za nje. Asiyelala usiku mbili mfululizo, au anayeanza kusema mambo yasiyoeleweka, haongezewi muda wa kukaa. Apewe chakula kizito, atembee nje na mtu, ndugu zake wajulishwe, na daktari atafutwe. Na kamwe mtu wa kituo asimwambie yeyote aache dawa.

Hatua ya 8: Uongozi na fedha

Kamati iwe na mtu mmoja kutoka kila kikundi, bila kujali ukubwa wa kikundi, pamoja na mmoja asiye wa kikundi chochote. Kikundi kikubwa kikipata viti vingi, vidogo vitaondoka. Mambo ya siku ya pamoja na madhabahu yaamuliwe kwa maelewano ya wote, mengine kwa kura. Andikisheni kituo kisheria kama asasi isiyo ya faida, fungueni akaunti yenye sahihi mbili, na mweka hazina abandike hesabu ukutani kila mwezi. Mwalimu asiwe mweka hazina.

Hatua ya 9: Sikukuu

Kalenda zitawachanganya. Kwa Theravada, kuzaliwa, kuamka na kufariki kwa Buddha huadhimishwa pamoja siku ya Vesak, mwezi mpevu ambao kwa kawaida huwa wa Mei. Japani huzitenga: kuzaliwa tarehe 8 Aprili, kuamka tarehe 8 Desemba, kufariki tarehe 15 Februari. Watibeti wana Saga Dawa katika mwezi wa nne wa kalenda yao. Tangu mwaka 1999 Umoja wa Mataifa unaitambua Vesak, kwa hiyo tumeifanya hiyo kuwa sikukuu ya kituo kizima, na kila kikundi huadhimisha tarehe zake pia.

Siku ya Vesak kila kikundi hupewa nusu saa ya kuonyesha ibada yake, na wengine hukaa kama wageni. Mwaka wa kwanza tulifanya kosa la kuwapa wa Ardhi Safi nafasi ya mwisho, watu wakiwa wamechoka. Sasa wao ndio hufungua, na sauti zao huwaita hata waliokuwa bado nje wakivua viatu.

Hatua ya 10: Mafungo ya siku moja

Baada ya mwaka mtakuwa tayari. Anzeni saa mbili asubuhi, malizeni saa kumi alasiri. Vipindi vya kukaa visizidi nusu saa, vikifuatana na kutembea. Chakula cha mchana kiliwe kimya. Baada yake pangeni saa nzima ya kazi: kufagia, kukung'uta mito, kupangusa madirisha, kusugua vyoo. Katika Zen kazi hiyo ni sehemu ya mazoezi yenyewe, na nimeona mtu aliyehangaika na pumzi asubuhi nzima akipata utulivu wake wa kwanza akiwa na kitambaa mkononi. Gaweni kazi kwa kuchanganya vikundi, ili mfuasi wa Kitibeti asugue sakafu moja na wa Vipassana. Simu zikusanywe kwenye kikapu mlangoni, na mtu mmoja tu abaki na yake kwa dharura.

Kila mwaka, siku hiyo ya mafungo, waulizeni watu wa kila kikundi wakiwa peke yao maswali mawili: ni kitu gani mnakifanya hapa kwa kujizuia, na ni kitu gani mmeacha kukifanya kwa kuogopa wenzenu. Majibu yaandikwe, yasomwe kwenye kamati ndani ya wiki mbili, na aliyejibu aambiwe kilichoamuliwa. Mwaka jana jibu moja lilikuwa kwamba bibi wa kikundi cha Ardhi Safi amekuwa akilitaja jina la Amitabha kimoyomoyo siku ya pamoja, akihisi kama anavunja sheria. Tuliongeza sentensi moja kwenye maelezo ya mlangoni, naye alisomewa kwanza.